Robo ya Mzunguko

Bunduki ya rafiki yangu haikuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa kwenye risasi, na risasi ile niliitengeneza mimi kwa mikono yangu, katika gereji ya nyumba niliyokuwa nikipanga Texas. Nililijua hilo papo hapo, risasi ilipompasukia karibu na uso. Nikamwacha aamini kwamba bunduki yake ni mbovu. Akaiuza kwa hasara, na mimi nikaendelea kukaa naye, kula naye na kupanga naye safari za mawindo bila kufungua mdomo. Naandika haya nikiwa nyumbani Salgaa, mahali nilipojifunzia kazi ya chuma, na mahali nilipofundishwa mapema kanuni ambayo laiti ningeifuata, yasingetokea haya.

Msomaji wa hapa Kenya huenda akashangaa mtu anatengenezaje risasi nyumbani. Huku kwetu ganda la risasi tunaliona kwenye taarifa ya habari, askari ameinama barabarani akiliokota na kulitia kwenye mfuko kama ushahidi. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977. Risasi zinaundwa Eldoret, katika kiwanda cha serikali cha Kenya Ordnance Factories Corporation, na ukikutwa na risasi hata moja bila cheti, Sheria ya Silaha Sura ya 114 inakungoja. Kwa hiyo asitokee mtu akasoma haya akadhani ni kazi ya kujaribia jikoni Rongai au Molo. Texas mambo ni mengine. Nguruwe mwitu huko wanachimbua mashamba ya mahindi na mtama usiku kucha, na tangu Septemba 2019 huhitaji hata leseni ya uwindaji kuwapiga kwenye shamba la mtu, mradi mwenyewe amekubali. Madereva wa malori kutoka Kenya tuliokuwa na karatasi za ukaaji wa kudumu tulijikuta tunaalikwa mashambani, kwanza kwa ajili ya nyama, baadaye kwa sababu tumeipenda kazi yenyewe.

Risasi ina vitu vinne: ganda, fataki kitakoni, baruti ndani, na kichwa kinachoruka. Ukifyatua, vitatu vimekwenda. Ganda linabaki, na ndilo ghali kuliko vyote vinne. Ndiyo maana watu huko huyaokota maganda yao, wakayasafisha na kuyajaza upya. Nilipoona jinsi kazi hiyo inavyofanywa, nilisema moyoni: hii ni kazi yangu. Mashine, vipimo, brasi. Mimi ni mtu wa leithi.

Ganda la .308, aina tuliyotumia wengi wetu, hubeba shinikizo linaloruhusiwa kufika paundi 62,000 kwa kila inchi ya mraba. Tairi la lori lililojazwa vizuri lina kama 120. Kwa hiyo ndani ya ganda lisilofika urefu wa kidole cha kati kunapita, kwa muda usiotosha kupepesa jicho, shinikizo la zaidi ya mara 500 ya lile linalobeba kontena kutoka Mombasa hadi Kampala. Brasi, ambayo ni shaba kama asilimia 70 na zinki asilimia 30, ina tabia nzuri sana katika hali hiyo. Inavimba, inajibana kwenye kuta za chemba, yaani shimo la bunduki linalolipokea ganda, inaziba moshi usirudi nyuma kwa mpigaji, kisha inanywea kidogo ili ganda litoke. Lakini hainywei ikarudi ilivyokuwa. Ganda limekuwa nene kuliko lilivyotoka kiwandani, na bega lake, pale mwili unapopinda kuingia shingoni, limesogea mbele. Kabla ya kulijaza tena lazima ulisukume ndani ya kalibu ya chuma kigumu, kwa presi ya mkono, ili mwili ubanwe na bega lirudishwe nyuma.

Lirudishwe kiasi gani? Kosa langu lote limo katika swali hilo.

Nilijifunzia leithi hapa Salgaa, katika gereji ya mzee mmoja kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret. Anayepajua Salgaa anajua kazi inayoliweka soko hili hai ni malori. Yanalala hapa yakitoka Mombasa, yakienda Uganda, Rwanda na Congo, na kabla ya kuondoka asubuhi kuna kila mara lori moja lenye shida ya breki. Kazi yetu kubwa ilikuwa dramu. Dramu iliyoliwa na laining ina mistari na mabonde ndani, unaifunga kwenye leithi, unaichonga hadi uso uwe laini, inarudi kazini. Unapoichonga unaipanua, na ukuta wake unazidi kuwa mwembamba. Kila dramu ina kipimo chake cha mwisho. Ukikipita, umempa dereva chuma ambacho kitapata moto haraka, kitapasuka, au kitatanuka kikimbie laining akiwa anashuka kutoka Mau Summit kuja Sachangwan na tani zake zote zikimsukuma mgongoni. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 2017, hapa Migaa tu, basi na lori yaligongana, watu 36 wakafa. Sisemi ajali ile ilitokana na dramu. Nasema mtu aliyekulia kwenye mteremko huu hana haja ya kuhubiriwa kwamba chuma kikikosewa kipimo watu wanazikwa.

Mzee alikuwa na sharti moja lililowaudhi madereva. Ukimletea dramu peke yake, haikati. "Leta na breki shu zake," angesema. Dereva ana haraka, taniboi amebeba dramu begani kutoka kituo cha mafuta, bosi anapiga simu kutoka Nairobi, na mzee anamwambia arudi akalete shu. Nilimuuliza siku moja kwa nini tusikate tu kwa kipimo kilichozoeleka. Akanijibu: "Kijana, dramu bila mwenzake ni sufuria." Alimaanisha kwamba kitu kinachofanya kazi kwa kukutana na kingine hakina kipimo chake peke yake. Kinapimwa dhidi ya kile kitakachokutana nacho.

Ganda la risasi linakutana na chemba. Na chemba za bunduki hazilingani, hata zikitoka kiwanda kimoja. Kwa .308, kutoka kwenye uso wa komeo, chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, hadi mahali pa kupimia begani, chemba fupi kabisa inayokubalika ni inchi 1.630. Nyingine zinazidi hapo kwa thau kadhaa, nazo ni salama vilevile. Thau ni sehemu moja ya elfu ya inchi. Mtu wa leithi anaisikia kwenye ncha za vidole.

Karatasi iliyokuja na kalibu yangu ilisema, kama zinavyosema karatasi nyingi za aina hiyo: inua kishikio cha ganda hadi juu, zungusha kalibu iteremke hadi iguse kishikio, kisha ongeza robo ya mzunguko na ukaze. Nikafanya hivyo. Maganda yakatoka mazuri, yanang'aa, yanaingia chemba bila kusita. Komeo linafunga kwa kidole kimoja. Nilijiona bingwa. Wenzangu wakaanza kuniita fundi, kama nilivyokuwa nikiitwa hapa nyumbani, na sitaficha kwamba jina hilo ugenini lilinipa joto la moyo ambalo sikuwa nimelipata tangu nianze kuendesha malori ya watu.

Hebu niipige hesabu ambayo ilipasa niipige siku ile. Kalibu hizi zina nyuzi 14 kwa inchi. Mzunguko mmoja ni kama thau 71. Robo ni kama thau 18. Sehemu ya hizo inaliwa na presi yenyewe, kwa sababu chuma chake hunyooka kidogo kikipata mzigo, lakini hata ukitoa hizo unabaki na thau za kutosha kuliharibu ganda. Kiasi cha kurudisha bega kwa bunduki ya komeo ni thau 1 hadi 2. Mimi, niliyekuwa nikimkemea mwanafunzi akikosea thau 5 kwenye dramu pana kama meza, nilikaza nyuzi kwa kukadiria robo kwa macho, nikaita hiyo kazi.

Bega likirudishwa nyuma kupita kiasi, ganda linakuwa fupi kwa chemba yake. Hulioni, kwa sababu linaingia vizuri, na kuingia vizuri ndiko kunakodanganya. Pini ikipiga fataki, inalisukuma ganda zima mbele hadi bega liguse. Sasa nyuma, kati ya kitako na komeo, pana nafasi tupu. Baruti inashika, kuta za mbele ambazo ni nyembamba zinabanwa kwenye chemba na kung'ang'ania pale pale, lakini kitako ni kinene, hakibanwi. Kinasukumwa nyuma hadi kiegemee komeo. Kati ya sehemu iliyoshikwa na sehemu iliyosukumwa, brasi inavutika. Daima ni mahali palepale, juu kidogo ya kitako, mzunguko mmoja mwembamba kama uzi. Ukilirudisha ganda kwenye kalibu, unalifupisha tena, na risasi inayofuata inalivuta tena palepale. Ukirudia hivyo, ukuta unaliwa kwa ndani bila nje kuonyesha chochote isipokuwa mstari hafifu unaong'aa, ambao mtu mwenye haraka atauchukulia kuwa ni mkwaruzo wa kalibu.

Niliuona mstari huo. Niliuona kwenye maganda kadhaa na nikaupangusa kwa kitambaa.

Rafiki yangu ni mtu wa Molo. Tulifahamiana kwenye malori, na tulipoanza kuwinda alininunulia baruti na fataki, akanipa maganda yake nimjazie. Bunduki yake ilikuwa nzuri kuliko yangu, na chemba yake, nilikuja kuipima baadaye, ilikuwa ndefu kidogo kuliko yangu, ndani ya kipimo halali. Sikumwomba hata siku moja nione ganda lililotoka kwenye bunduki yake linapima nini begani. Niliyachanganya maganda yake na yangu kwenye ndoo moja, nikayapitisha kwenye kalibu ileile, kwa robo ileile.

Tulikuwa tunajaribu darubini yake kabla ya kwenda shambani. Mlio ulikuwa tofauti, mzito na mfupi, na moshi ukatoka kando ya komeo badala ya mbele. Akarudi nyuma ameshika shavu. Bunduki zile zina matundu ya pembeni yaliyowekwa kwa ajili ya ajali kama hiyo, na matundu yalifanya kazi yake. Miwani yake ilikuwa na vidoa vidogo vya moto kwenye kioo cha kulia. Shavuni alikuwa na damu kidogo, mikwaruzo tu. Bila miwani nisingekuwa na neno la kuandika hapa.

Nilifungua komeo mimi. Kitako kilitoka peke yake, kimekatika kama kilichokatwa kwa msumeno, na sehemu ya mbele ya ganda ikabaki imekwama ndani ya chemba. Nikakigeuza kitako kwenye mwanga. Ukingo ulipokatikia ulikuwa na rangi mbili. Upande mmoja brasi ilikuwa inameta, imekatika sasa hivi. Upande wa pili ulikuwa mweusi, una masizi yaliyokauka. Masizi yale hayakuwa ya siku ile. Ufa ulikuwapo tangu risasi iliyotangulia, na mimi nilikuwa nimelichukua ganda lililokwisha kupasuka, nikalisugua, nikalijaza, nikamkabidhi.

Akaniuliza, "Fundi, ni nini hiyo?"

Nikasema, "Chemba yako huenda imelika."

Kitako nikakitia mfukoni.

Nimejaribu kujieleza kwa nini nilisema vile. Hofu ilikuwapo, lakini haikuwa hofu ya sheria wala ya fedha. Niliogopa kuacha kuitwa fundi. Watu wanaohama hupoteza majina mengi, na lile moja nililokuwa nimelipata tena sikutaka linitoke mbele ya mtu niliyemheshimu. Ni sababu ndogo mno ukiipima na jicho la mtu, na ndiyo ya kweli. Alipeleka bunduki kwa mtaalamu, ambaye aliipima kwa geji, akamwambia haina tatizo. Rafiki yangu hakuamini. Aliniamini mimi. Akaiuza kwa mtu ambaye alimweleza wazi kwamba ina historia, na bei ikaanguka hapo.

Mimi nikarudi gereji, nikafunga mlango, nikanyoosha klipu ya karatasi na kuipinda ncha iwe kama ndoano. Hiki ni kipimo wanachokijua wote wanaofanya kazi hii. Unauingiza waya huo ndani ya ganda, unaupitisha ukutani kutoka chini kuja juu, na penye mfereji ncha inakwama. Ilikwama. Nikachukua lingine, ikakwama. Nikapasua baadhi kwa msumeno wa chuma kwa urefu, nikaona kwa macho: ukuta unashuka mnene, unafika juu ya kitako, unabonyea ndani, unaendelea. Nikapima mabega. Yaliyotoka kwenye kalibu yangu yalikuwa mafupi kwa zaidi ya thau 10 kuliko maganda yaliyotoka moja kwa moja kwenye bunduki yake. Hapo hata kisingizio cha kutojua kikaniisha. Na bado nilinyamaza.

Nilipokuja likizo nilipita kwa mzee. Mikono yake inatetemeka sasa, kazi ya leithi wanafanya vijana, yeye anakaa na maikromita na kukagua. Nilimwonyesha kwenye simu picha ya ganda lililopasuliwa. Nikamweleza kalibu, karatasi, robo. Hajawahi kuona kazi ya namna hiyo, lakini aliikuza picha kwa vidole, akautazama mfereji kwa muda, akauliza, "Ulipima kabla ya kukaza?"

"Sikupima, mzee."

"Na mwenzake alikuwa wapi?"

Alimaanisha chemba. Sikuwa na jibu. Kijana akamletea dramu ya trela, akageukia kazi yake. Nilitoka pale nikampigia simu rafiki yangu nikiwa nimesimama kando ya barabara, malori yanapita, nikalazimika kurudia maneno kwa sauti kubwa kwa sababu hakusikia mara ya kwanza. Nikamwambia bunduki yako ilikuwa nzima. Risasi ilikuwa yangu. Nilijua siku ileile.

Alinyamaza. Nilitegemea anitukane, na nadhani ningepata nafuu. Aliniuliza, "Nani mwingine ana risasi zako?"

Swali hilo sikuwa nimejiuliza. Nilikuwa nimehangaika na heshima yangu na urafiki wetu, na wakati wote huo kulikuwa na risasi zangu kwenye mikono ya watu. Nilikuwa nimemwachia dereva mmoja sanduku. Kibaya zaidi, nilikuwa nimewafundisha wenzangu kujaza, Wakenya na Mganda mmoja, na kila mmoja nilimwonyesha ile robo kwa mkono wangu nikimwambia ndivyo inavyofanywa. Kosa langu lilikuwa limeshapata wanafunzi.

Kwa hiyo nawaambia hapa, kwa lugha niliyowafundishia. Iacheni robo. Chukua ganda lililotoka kwenye bunduki yako mwenyewe, toa fataki kwanza, kwa sababu iliyovimba kitakoni itakudanganya, kisha lipime begani kwa vania yenye kifaa cha kupimia bega. Andika namba. Paka mafuta mwilini, kidogo, yasifike begani yakalibonyeza, lakini usiliache kavu likakwama kwenye kalibu. Anza kalibu ikiwa juu, mbali na kishikio. Pitisha, pima. Msishtuke mkiona bega limesogea mbele zaidi kabla ya kuanza kurudi: mwili unapobanwa, brasi inatafuta pa kwenda, inakwenda mbele. Teremsha kalibu kidogo sana, pima tena. Bega likirudi thau 1 au 2 nyuma ya namba uliyoandika, simama hapo, kaza. Kipimo hicho ni cha bunduki hiyo moja. Bunduki ya mwenzako ina namba yake, na maganda yake yana ndoo yake. Yale yaliyokwisha kupita kwenye robo, pitisha waya ndani, na hata kama haukukwama, yatupeni, kwa sababu hamjui yamevutwa kiasi gani.

Dereva mwenye sanduku nilimpata kwa simu. Alikuwa amepiga baadhi, hakuna ganda lililokatika, na zilizobaki hajazigusa tena. Rafiki yangu wa Molo alikwenda mwenyewe kuzichukua, mwendo wa nusu siku, bila mimi kumwomba. Vichwa vimeng'olewa, baruti imetolewa, maganda yamepondwa kwa nyundo na kuuzwa kwa kilo pamoja na vyuma chakavu. Hasara ya bunduki nimeanza kumlipa kwa mafungu, ameipokea. Amenunua nyingine. Anatumia risasi za dukani, na hajanialika kuwinda, nami sijamwomba.